Buti Fupi Nalo Lina Mahali Pake

Atakaye kujua jinsi mavazi yanavyobadilika katika visiwa vyetu hana haja ya kwenda mbali. Na asimame kitambo bandarini Malindi, mjini Unguja, wakati abiria wanaposhuka kutoka katika boti, kisha ateremshe macho atazame miguu. Ataona makubadhi na malapa, raba na viatu vyeusi vya maofisini. Na baina yao ataona, tena si kwa uchache, mabuti mafupi, yaani viatu vinavyopanda hadi kufunika kifundo cha mguu na kukomea hapo. Vijana huyavaa kwa suruali za jinzi, watumishi wa serikali huyavaa kwa suti, na kina mama huyavaa chini ya mabaibui, ncha zake zikichungulia kwa kila hatua.

Wasomaji wetu wasistaajabu kuiona safu hii, iliyozoea kuzungumza habari za karafuu, maji na barabara, ikiinama leo kutazama viatu. Mavazi ni jambo la umma. Mtu huichagua nguo nyumbani kwake, lakini huivaa mbele ya watu. Na fedha anayoipoteza kwa kununua kisichomfaa ni fedha iliyotoka katika chakula, dawa na madaftari ya watoto wake. Tena wako wenzetu ambao kwao buti si pambo, bali ni ngao ya mguu, nao hawanalo. Hao tutawafikia kabla ya kuweka kalamu chini.

Maoni yetu ni haya: buti fupi lilikuwa kiatu cha haja kabla ya kuwa kiatu cha pambo. Anayeikumbuka haja hiyo hulivaa likampendeza. Anayeisahau hulivaa likamtesa, na pengine likamfedhehesha mbele za watu.

KIATU NA UUNGWANA

Katika visiwa hivi kiatu hakijapata kuwa kitu kidogo. Katika Zanzibar ya karne ya 19, watumwa walitembea miguu mitupu na vichwa wazi, na kiatu kikawa miongoni mwa alama za kumtambulisha muungwana. Ilipotoka amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa katika sheria, wengi wa wale waliokuwa wamenyimwa walianza kujivika kanzu na kofia, wanawake wakajitanda kanga na baadaye buibui, na miguu nayo ikavishwa. Walioyafanya hayo hawakuwa wakiiga tu. Walikuwa wakitangaza utu wao kwa lugha ambayo kila mpita njia aliweza kuisoma. Kwa hiyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba kumshauri mtu juu ya viatu ni kuzungumza upuuzi.

Lakini pia hatukubaliani na wale wapendao kila jambo la mavazi limalizwe kwa amri. Wasomaji wa umri mkubwa watakumbuka mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza huko Dar es Salaam ile Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi mno, suruali za kubana na mengineyo kuanzia Januari 1, 1969. Watakumbuka vilevile kwamba miaka michache tu baadaye, katika miaka ya 1970, suruali za bugaluu na viatu vya raizoni vyenye soli nene kama matofali vilitamba mijini. Amri humtisha mvaaji kwa muda; fahamu humwongoza maisha yake yote. Sisi hatutoi amri. Twatoa shauri.

LILITOKA WAPI

Na tuanze na asili yake, kwani asili ya kitu huonyesha matumizi yake. Mwaka 1840, J. Sparkes Hall, mtengeneza viatu wa London aliyekuwa akimhudumia Malkia Victoria, alipewa hataza ya buti fupi lenye lastiki ubavuni. Kabla ya hapo buti lilifungwa kwa kamba ndefu au kwa safu ya vifungo, na kulivaa kulikuwa ni kazi. Buti la Sparkes Hall liliingia mguuni kwa mvuto mmoja na kutoka kwa mvuto mmoja. Aina hii ndiyo iliyopata baadaye jina la Chelsea, mtaa wa London ambao vijana wake waliipenda sana katika miaka ya 1960.

Aina ya pili ina mkono wa Afrika ndani yake. Mwaka 1941 Nathan Clark, wa ukoo uliomiliki kiwanda cha viatu katika mji wa Street, Uingereza, alikuwa askari huko Burma. Aliona baadhi ya maofisa wamevaa mabuti mepesi yenye soli za mpira wa krepu, yaliyoshonwa na mafundi wa masoko ya Cairo. Ngozi yake haikung'arishwa. Ilikuwa na vinyweleo laini mfano wa bahameli. Clark alichukua sura yake, na mwaka 1950 kampuni ya Clarks ikaanza kuliuza kwa jina la buti la jangwani. Kumbe kiatu ambacho baadhi ya vijana wetu hudhani ni kipaji cha Ulaya kilitoka katika mikono ya mafundi wa Misri, nao walikishona kwa ajili ya joto na mchanga.

Aina ya tatu ilizaliwa na maumivu. Mwaka 1945 daktari wa Kijerumani, Klaus Märtens, aliumia kifundo cha mguu katika mchezo wa kuteleza juu ya theluji. Mabuti ya kijeshi yakawa yanamwumiza, akabuni yenye soli laini iliyojaa hewa. Kampuni ya Griggs ya Northamptonshire, Uingereza, ilinunua haki ya soli hiyo, na Aprili 1, 1960 ikatoa buti la kamba lenye matundu manane, likapewa namba 1460 kutokana na tarehe hiyo. Wanunuzi wake wa mwanzo walikuwa matarishi wa posta na wafanyakazi wa viwandani, watu washindao kwa miguu kutwa nzima. Wanamuziki na vijana wa mitindo walikuja baadaye.

Msomaji ataona kwamba katika habari zote tatu hakuna hata moja iliyoanza kwa urembo. Wa kwanza alitaka wepesi wa kuvaa na kuvua, wa pili wepesi katika joto, wa tatu nafuu ya mguu unaofanya kazi. Mwenye kuyaweka haya matatu moyoni amekwisha kupata nusu ya elimu ya kulioanisha buti na nguo.

PINDO NA SHINGO

Nusu ya pili ni kanuni moja, nayo ni hii: kila jambo huamuliwa pale pindo la nguo linapokutana na shingo ya buti. Kiatu cha kawaida hukiacha kifundo wazi, na jicho la mtazamaji hupata mahali pa kupumzika baina ya nguo na kiatu. Buti fupi hupafunika mahali hapo. Basi ni lazima pindo lifanye moja kati ya mawili: ama lishuke liifunike shingo ya buti barabara, ama lipande juu na kuacha nafasi iliyo wazi inayoonekana kuwa imekusudiwa. Pindo linalokomea ukingoni hasa mwa buti, likawa halijafunika wala halijaacha, huukata mguu vipande viwili na kumfupisha mvaaji. Makosa mengi tuyaonayo mitaani ni hayo.

Kwa suti ya ofisini, buti lifaalo ni lile la lastiki ubavuni, la ngozi laini iliyong'arishwa, lenye soli nyembamba na ncha isiyochongoka mno. Mguu wa suruali uwe mwembamba kiasi, ushuke juu ya buti na kuligusa bila ya kurundika mikunjo. Anapoketi mvaaji, suruali ikapanda kidogo, buti huendelea kuufunika mguu; na hilo ndilo jambo linalolipa buti heshima katika mikutano, kwani soksi iliyolegea na goko lililo wazi havionekani. Buti jeusi hufuatana na suti nyeusi, ya kijivu na ya buluu iliyokoza. Buti la kahawia hufuatana na buluu, kaki na kijivu chepesi, lakini liepushwe na nyeusi. Mkanda ufuate rangi ya buti. Suruali isichomekwe ndani ya buti. Huo ni mtindo wa askari gwarideni, na askari ana sababu zake.

Kwa suti ya Kaunda, ambayo watumishi wengi bado wanaipenda kwa wepesi wake, twapendekeza buti la jangwani la rangi ya mchanga au ya kahawia. Vazi lile halina tai wala koti zito, na buti lile halina mng'aro; vyote viwili vina unyenyekevu mmoja. Hata hivyo mtu asilivae kwenda katika dhifa ya usiku au hafla ya kitaifa. Huko pana haki ya kiatu kilichong'arishwa.

Kwa jinzi, buti la kamba ndilo lenye nguvu ya kuvumilia uzito wa kitambaa. Pindo likunjwe mara moja, upana wa vidole viwili, lisimame juu kidogo ya shingo ya buti. Likunjwapo mara tatu huwa si pindo tena bali ni mzigo. Jinzi iliyochanika magotini ikivaliwa na buti lililochakaa haimpi kijana sura ya ushujaa. Humpa sura ya mtu aliyenusurika katika ajali.

NGUO ZA KINA MAMA

Kwa gauni na sketi, kanuni ya pindo hudai uangalifu zaidi. Gauni likomealo katikati ya muundi hupendeza kwa buti lenye shingo nyembamba inayoukumbatia mguu, hasa ikiwa shingo hiyo imekatwa chini kidogo kwa mbele. Soksi ndefu ya rangi moja na buti huuvuta mstari wa mguu na kumrefusha aliye mfupi, tena hutimiza stara. Shingo pana inayochezacheza hufaa nguo ndefu tu, kwa sababu chini ya nguo fupi huufanya mguu uonekane kama mchi ndani ya kinu.

Kitenge kina maua makubwa na rangi zinazosema kwa sauti. Kikivaliwa, buti na linyamaze: liwe jeusi au kahawia iliyokoza, bila ya vifungo vya dhahabu wala nakshi. Ama dera, hilo twaomba lisiunganishwe na buti hata kidogo. Dera limeshonwa ili upepo upite. Buti limeshonwa ili upepo usiingie. Kuwakutanisha wawili hao ni kuwagombanisha.

Baibui na buti fupi, kinyume cha wanavyodhani wengine, ni marafiki wazuri. Buti hukifunika kifundo pindo linapopeperuka, na soli yake ya mpira haitelezi katika ngazi za boti na za daladala. Lakini yapo masharti mawili. La kwanza, kisigino kisizidi sentimita 4, kwani kisigino kirefu chini ya vazi refu ni mtego. La pili, baibui lipimwe kwa fundi mvaaji akiwa na buti mguuni, si malapa, na pindo liinuke sentimita 2 kutoka sakafuni. Pindo lililopimwa kwa malapa huwa juu mno likivaliwa na buti, na lililopimwa kwa viatu virefu hukanyagwa siku ya buti. Mafundi wetu wanajua kazi. Wateja ndio wanaokwenda kwao na viatu visivyo vyenyewe.

Kanzu ni neno jingine. Pindo la kanzu hukomea juu kidogo ya kifundo, yaani mahali pale pale ambapo shingo ya buti hupanda, na hapo ndipo tulipokwisha kusema kwamba mstari hukatika. Kanzu ina mwenzake wa tangu zamani, naye ni kubadhi. Hali kadhalika kikoi, ambacho ni vazi la barazani na ufukweni. Hatuna neno na jamaa zetu wanaoishi London au Toronto, ambao Idi ikiwaangukia katika majira ya baridi huvaa koti zito juu ya kanzu na buti miguuni. Theluji ina hukumu yake. Lakini aliyeko Wete au Mkunazini hana theluji ya kumtetea.

MILANGO YETU NA HEWA YETU

Mitindo mingi ya mabuti hutoka katika nchi ambazo mtu huvaa viatu asubuhi na kuvivua usiku. Kwetu sivyo. Twavua viatu mlangoni pa jirani, pa msikiti, pa chuo na pa nyumba ya msiba. Mtu wa visiwani aweza kuvua mara nane baina ya alfajiri na isha. Kwa sababu hii, atakayenunua buti moja tu na anunue la lastiki au la zipu ubavuni, na amwachie buti la matundu manane yule ambaye kazi yake haimpitishi katika milango mingi. Ni aibu kuwaweka watu nyuma yako mlangoni pa matanga huku ukihangaika na kamba.

Kifundo kina habari yake katika fiqhi pia. Ruhusa ya kupaka maji juu ya khofu wakati wa kutawadha, usiku na mchana mmoja kwa mkaazi na siku tatu na masiku yake kwa msafiri, imefungamana na sharti kwamba kinachovaliwa kikifunike kifundo na kiwe kimevaliwa baada ya tohara kamili. Msafiri wa kwenda bara yafaa alijue hilo, na ajue pia kwamba akikivua, ruhusa hukatika. Mwenye shaka na awaulize masheikh. Gazeti halitoi fatwa.

Kisha kuna hewa. Kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, mguu uliofungwa ndani ya ngozi nzito hutoka jasho, na jasho huleta harufu na fangasi baina ya vidole. Katika miezi hiyo livaliwe buti jepesi lisilo na bitana, au liwekwe kabatini. Kusi ndiyo majira yake mazuri. Soksi ziwe za pamba na zibadilishwe kila siku, na buti lipumzishwe siku moja baada ya kila siku ya kuvaliwa ili unyevu wa ndani ukauke. Wakati wa masika ngozi huota ukungu: ipanguswe kwa kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji, ianikwe kivulini, kisha ipakwe rangi. Likilowa maji ya chumvi, lipanguswe upesi kwa maji baridi, na kamwe lisikaushwe juani wala karibu na jiko, kwani ngozi hupasuka. Karatasi za gazeti zikijazwa ndani hunyonya unyevu vizuri. Tunaomba tu lisomwe kwanza.

Wanunuzi wa mitumba wana hatari yao ya peke yake. Soli nyingi za mabuti ya kisasa zimetengenezwa kwa polyurethane, namna ya plastiki laini ambayo unyevu wa hewa huila polepole hata kama buti halivaliwi. Na joto likiungana na unyevu, kama ilivyo kwetu, kazi hiyo huenda kasi. Buti laweza kung'ara juu kama jipya, kisha soli ikameguka kama mkate mkavu siku ya pili. Kabla ya kulipa, mnunuzi na alikunje buti na aibonyeze soli kwa ukucha. Ikitoa unga, ikinata au ikifanya nyufa, na alirudishe juu ya meza. Soli ya mpira iliyoshonwa ni bora kuliko iliyogundishwa, maana fundi aweza kuifumua na kutia nyingine. Na mtu anunue viatu jioni, mguu ukiwa umevimba kwa shughuli za mchana, akiacha nafasi ya upana wa kidole mbele ya kidole gumba.

NENO KWA WAKUBWA

Tumesema kwamba buti fupi ni kiatu cha haja. Basi haifai tumalize kwa kuwapamba wenye viatu na kuwasahau wasio navyo. Tazama anayezoa taka alfajiri akiwa amevaa malapa. Tazama anayezibua mtaro kwa miguu mitupu, ilhali ndani yake mna chupa zilizovunjika. Tazama kibarua anayepanga matofali katika jengo la ghorofa, misumari ikiwa imetapakaa chini yake. Watazame kina mama wa Paje na Jambiani wanaokwenda kwenye mashamba ya mwani maji yakiwa yametoka, wakikanyaga penye mawe makali na miiba ya viumbe vya baharini. Hao hawatuulizi buti gani linafuatana na nguo gani. Mguu wa mmoja wao ukichomwa, mshahara au mavuno ya juma zima huondoka na dawa.

Sheria haiko kimya. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamtaka mwajiri, panapohitajika, atoe mavazi na vifaa vya kujikinga, na unasema kwamba hatua za usalama na afya kazini zisiwe gharama kwa mfanyakazi. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya shirika hilo. Tena buti la kazi lina vipimo vyake: kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 20345, kofia ngumu iliyo mbele ya buti lazima ihimili pigo la jouli 200 bila ya kuviponda vidole. Kiatu kilichopakwa rangi kikafanana na buti la kazi si buti la kazi.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa idara, mabaraza ya miji na makandarasi mambo matatu. La kwanza, fedha za sare zinapopangwa, mabuti ya wazoa taka, wasafisha mitaro na mafundi wa umeme yatangulie tai na makoti ya wapokeaji wageni. La pili, yaagizwe kwa vipimo vya miguu ya wafanyakazi wenyewe, wanawake kwa wanaume, si kwa kukadiria. Buti lililo kubwa mno huvuliwa na kuachwa stoo, na karani huandika katika kitabu kwamba mfanyakazi amepewa. Kwa kina mama wa mwani, buti la ngozi halifai kwa maji ya chumvi. Wao wahitaji la mpira laini lenye soli ngumu, nao waulizwe kabla ya kununuliwa.

La tatu linawahusu mafundi wetu. Buti la jangwani ni miongoni mwa mabuti mepesi kushonwa: vipande vichache vya ngozi, matundu machache ya kamba, na soli ishonwayo kwa nje. Mkono uwezao kushona kubadhi lililonyooka hauko mbali na kulishona. Ng'ombe huchinjwa hapa kila siku, na ngozi zao ni mali. Vituo vya mafunzo ya amali vikilichukua jambo hili, vikawapa mafundi kalibu, sindano na mafunzo ya kuandaa ngozi, huenda siku moja buti la mtumishi wa serikali likashonwa Darajani au Chake Chake kwa kipimo cha mguu wake, na likarudi kwa fundi yule yule soli ikichakaa. Mafundi wa Cairo walifanya hivyo, na ulimwengu ukawafuata.

Kwa wasomaji wetu wengine neno letu ni fupi. Kabla ya kununua buti, kila mmoja na ajiulize maswali manne: nitalivaa na nguo gani, pindo lake litakomea wapi, nitapita katika milango mingapi, na ni upepo gani unaovuma. Akiyajibu kwa haki, hatahitaji picha ya mwanamitindo wa nchi za mbali kumwonyesha njia. Na kwa mwenye mamlaka ya kutia saini ankara za sare, tunaongeza swali la tano: je, anayetembea juu ya misumari kwa ajili yetu amevaa nini leo?